Chombo Chenye Sketi

Kigombe,
9 Septemba 1994

Mwanangu Tahiri,

Salaam nyingi. Huku sote wazima isipokuwa goti langu, nalo limeshazoea kuumwa. Semeni amejifungua mtoto wa kike, wa tano, na mumewe bado anasubiri wa kiume kama mtu anayesubiri basi lililokwishapita. Shamba la mkonge limesimama kabisa. Waliokuwa wakikata mkonge sasa wanashinda barazani wakizungumza vyama vingi. Kaka Khatib, babako, miguu yake imekuwaje? Nilimtumia mafuta ya nyonyo kwa Msafiri, utingo wa basi la Pangani, na mpaka leo sijui kama yalifika au Msafiri aliyapaka mwenyewe. Msalimie Sabra mkeo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unajua nalima mwani. Au hujui, maana tangu mwaka juzi hujakanyaga huku. Tunafunga vipande kwenye kamba, kamba tunazitandika kule bahari inakokauka wakati wa bamvua, na baada ya wiki kadhaa tunavuna. Kampuni inanunua ukishakauka. Kazi yote ni yetu wanawake: mimi, Chiku na Semeni. Wanaume waliicheka mpaka walipoona tunalipwa.

Taabu iko kwenye kuufikisha mwani nchi kavu. Kiroba cha mwani mbichi hakibebeki kichwani, na maji yakianza kujaa hayamwonei mtu haya. Ngalawa iliyo tayari kutuvushia ni ya Maulid peke yake, na Maulid huyo huyo ndiye mkubwa wa diko, pale vyombo vyote vinapolala, kwa hiyo hakuna pa kumshitaki. Katika kila viroba vitatu, kimoja chake. Hajafunga hata kipande. Hajalowa hata kisigino.

Nimempa Msafiri jarife la marehemu mume wangu Yakoub, ule wavu wake wa papa, nimeufunga kwenye mkeka. Uzi wake ni mzima bado. Liuze au libadilishe, unipatie mtumbwi uliotumika. Sitaki mkubwa. Sitaki mzuri. Nataka kitu kinachoelea na kubeba viroba vinne bila maneno. Wewe uko mjini, na kiwandani kwenu hamkosi mwenye ndugu mvuvi.

Usichelewe. Kila bamvua inayopita, Maulid ananenepa.

Shangazi yako,
Mwanaima


Mabawa, Tanga,
2 Oktoba 1994

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema na goti limepoa. Sisi hapa wazima. Baba anakusalimu, mafuta yalifika nusu chupa. Sabra hajambo. Kiwandani wametupa likizo ndefu kidogo, wanasubiri vipuri kutoka nje, lakini mimi sikukaa bure. Mji umefunguka, shangazi. Madukani sabuni imejaa mpaka inaozea kwenye rafu, mitumba imeziba barabara, na anayelala wakati huu atalala moja kwa moja. Nimeingia kwenye udalali wa vitu vya wataalamu wanaorudi makwao.

Kuhusu mtumbwi: nimekupatia zaidi ya mtumbwi. Kuna mtaalamu mmoja wa mambo ya maji, mzungu, mkataba wake umekwisha. Alikuwa na mashua ya mtu mmoja inayoitwa kayaki. Ni ya plastiki ngumu ya rangi ya chungwa, haiozi, hailiwi na wadudu, haipakwi mafuta ya papa. Juu yote imefunikwa, ina tundu moja katikati la kukalia. Mtaalamu alikuwa akishuka nayo mto Pangani pale maji yanapoporomoka kwenye mawe, na hakufa. Chombo kilichoshinda maporomoko kitashindwa na dimbwi la Kigombe?

Kinakuja na kasia la ncha mbili na sketi. Usishangae. Sketi ni ya mpira. Mpandaji anaivaa kiunoni, kisha anaibana kwenye ukingo wa tundu ili maji yasiingie. Mitumbwi ya miembe imekwisha wakati wake, shangazi, na watu wa huko mtakuja kunishukuru.

Jarife nimelitoa katika mabadilishano. Ilinibidi niongeze kidogo cha kwangu, lakini wewe ni shangazi, sitakudai.

Mwanao mtiifu,
Tahiri


Kigombe,
21 Oktoba 1994

Tahiri,

Marahaba. Mwambie babako nusu chupa ya mafuta aidai kwa Msafiri. Sabra umemtaja kwa maneno mawili tu. Kama anaumwa, sema. Huku salama. Mbuzi wa Chiku alikula kamba mbili za mwani wetu akaharisha kutwa, na Chiku anataka tugawane hasara: kwake ya mbuzi, kwetu ya kamba.

Kitu chako kimefika juu ya basi, kati ya matenga ya nyanya. Msafiri alikishusha peke yake, kwa bega moja, kama mtu aliyebeba godoro. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka.

Nakueleza kwa mpangilio, maana najua utasema tumekionea.

Taratibu za diko letu unazijua, babako alikufundisha. Chombo kipya hakishushwi majini mpaka mwenyewe apike, watu wakae, isomwe fatiha, na mkubwa wa diko akionyeshe mahali pake pa kulala mchangani. Kuanzia hapo kina haki yake, na kinalipa mchango wa diko kila bamvua. Nilipika uji wa mchele, nikafukiza ubani. Walikuja watu wote, hata wale ambao mazikoni hatuwaoni.

Maulid alikizunguka. Akakigonga kwa kifundo cha kidole.

"Mkuku wake uko wapi, ule uti wa chini?"

"Hakina."

"Mbele yake ni upi?"

Nikamtazama Idarusi, fundi wetu wa mitumbwi. Idarusi naye akanitazama mimi.

"Na hili vazi?" Alikuwa ameinua sketi juu, kila mtu aione.

"La mpandaji."

"Mwanamume?"

"Yeyote anayepanda."

Diko zima lilicheka, na mume wa Semeni alilazimika kukaa chini.

Idarusi, Mungu amlipe, akasema ajaribu kwanza kabla ya dua, tujue tunaombea nini. Sketi aliikataa. Aliingiza miguu kama mtu anayevaa suruali ya mtoto. Maji yalikuwa ya magoti. Alipiga kasia mara moja, kitu kikageuka kikatazama pwani. Akapiga upande wa pili, kikatazama Pemba. Mara ya tatu kikapinduka, na juu tukabaki tunaona tumbo la rangi ya chungwa, Idarusi yuko chini, kichwa mchangani, miguu imekwama ndani. Tulimvuta kwa makwapa. Alipopata pumzi alisema, "Mwanaima, hiki hakipandwi. Hiki kinakuvaa."

Maulid akasimama mbele ya watu: "Jamani, mnashuhudia. Hiki si chombo. Hili ni beseni lenye kifuniko. Hapa dikoni hatusomei beseni fatiha." Kisha akanywa uji wangu mabakuli mawili, akaenda zake.

Mzungu wako alipenda maji yanayoporomoka. Huku maji hayaporomoki. Yanajaa, yanatoka, na katikati yake kuna mwani wangu ambao Maulid bado anachukua theluthi yake, sasa huku akitabasamu. Chukua kitu chako, nirudishie jarife langu.

Mwanaima


Mabawa, Tanga,
14 Novemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa usumbufu, na pole zangu zimfikie mzee Idarusi. Baba miguu inamsumbua wakati wa baridi ya alfajiri, vinginevyo anakula. Sabra yuko kwao Muheza kidogo, anabadilisha hewa. Kiwandani bado wanasubiri vipuri.

Nimesoma maelezo yako yote. Nasikitika kwamba chombo cha kisasa amepewa fundi wa mitumbwi ya shoka akipime. Ni kama kumpa mwashi taipureta halafu kulaumu taipureta. Kukosa mkuku si kasoro, ni makusudi: kwenye mawe kinatakiwa kigeuke upesi, na kugeuka kwake ndiko kunakolipiwa. Mtaalamu alijifunza miezi kadhaa kwenye bwawa la kuogelea kabla ya kuingia mtoni. Nyinyi mlijifunza kwa muda gani? Muda wa kupoza uji?

Maulid nampuuza. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Muheza kwenda juu hawezi kuniambia chombo ni nini.

Kurudisha haiwezekani, shangazi. Katika biashara huria mali ikishatoka imetoka. Habari ya jarife ni ndefu, nitakuja mwisho wa mwaka nikueleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa sasa kitu kiwekwe kivulini, watoto wasikipande. Na sketi usimpe mtu. Sketi inauzwa peke yake.

Mwanao,
Tahiri


Kigombe,
3 Januari 1995

Tahiri,

Huku wazima. Goti linauma. Mwaka umekwisha na mdomo wako haujafika.

Juzi alikuja Yudith wa Muheza kununua ng'onda, samaki wetu wa kukausha. Huwa anachukua kwangu na kwa mume wa Semeni, anakwenda kuuza sokoni kwao. Nilimkalisha jikoni. Akaona kitu chako kimeegemea ukuta wa nyuma, akashika kiuno, akacheka.

"Mama, hii si ile takataka ya uani kwetu?"

"Kwenu wapi?"

"Kwa yule bwana wa maji. Si nilikuwa mpishi wake! Kuipakia melini ilikuwa ghali kuliko yenyewe, akamwambia dalali aitupe anapojua."

"Dalali yupi?"

"Kijana mmoja wa Mabawa, mwembamba, maneno mengi. Walimpunguza kiwandani mwezi wa sita."

"Na jarife alilopewa huyo bwana, alilifanya nini?"

"Jarife? Mama, yule bwana hata samaki hali."

Nilimpimia ng'onda wake, nikamzidishia.

Mwezi wa sita, Tahiri. Mimi nilikuandikia mwezi wa tisa. Vipuri vinavyosubiriwa sasa navijua, na hewa anayobadilisha Sabra naijua pia. Ungesema una njaa, ningekutukana, kisha ningekuambia ule hilo jarife. Ndivyo wanavyofanya watu wenye shangazi. Wewe ukaona bora kunitumia kitu cha jalalani, ukaandika na kwamba umeongeza cha kwako.

Sitauliza tena habari za jarife. Wala usiniulize habari za kitu chako, maana si chako. Kilitupwa, nami nimekiokota. Bamvua inayokuja Maulid atachukua theluthi yake kama kawaida. Baada ya hapo tutaona. Nakitafutia kazi.

Mwanaima


Mabawa, Tanga,
26 Januari 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Ramadhani hiyo inaingia, Mungu atufikishe salama. Baba anakusalimu sana.

Maneno ya mpishi aliyeachishwa kazi siyajibu. Ninalo jambo kubwa kuliko hayo, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

KAYAKI IMEPATA MNUNUZI. Kuna hoteli mpya inajengwa kusini ya Pangani, mwenyewe ametoka nchi za nje, anataka wageni wake wacheze majini. Nimezungumza na meneja wake, bwana Timotheo. Anazitafuta kayaki nchi nzima, hazipo, kwa sababu hazitengenezwi hapa na kuziagiza ni mwaka mzima. Bei aliyotaja, shangazi, inanunua mitumbwi miwili ya Kigombe na jarife jipya juu yake. Mbele ya Mungu, jarife ndilo la kwanza nitakalonunua. Ningeweza kusema mengine lakini hayaandikiki.

Bwana Timotheo atakuja mwenyewe na gari kabla ya nusu ya Ramadhani. Kwa hiyo tafadhali:

Isafishwe kwa maji baridi na sabuni, isisuguliwe kwa mchanga.
Kasia na sketi viwepo.
Mtu yeyote asimsimulie habari za beseni.

Nakuomba kama mtoto wako. Usikiguse kwa namna nyingine yoyote.

Tahiri


Kigombe,
19 Februari 1995

Tahiri,

Marahaba. Mfungo unaendelea, joto ni kali, lakini futari ipo. Kaka Khatib mwambie namwombea. Sabra yuko kwangu tangu wiki iliyopita, alikuja pamoja na Yudith. Anajifunza kufunga mwani, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vya Semeni. Hakunipa neno la kukuambia.

Barua yako nimeipokea jana. Msafiri anasema basi liliharibika, ikabaki kwenye kofia yake. Mgeni wako alitangulia kufika.

Nakueleza tena kwa mpangilio.

Wiki ile niliyokuandikia, nilimwita Idarusi na msumeno. Alikuwa bado na kisasi na kitu kile, hakuhitaji kubembelezwa. Alichora mstari kwa mkaa kutoka ncha hadi ncha, akakikata kifuniko chote. Plastiki ililia kama paka. Kilipofunguka, kingo zililegea, akazitoboa kwa msumari wa moto akazifunga fito za mkoko kwa kamba ya nailoni. Likawa hori, kama la kulishia ng'ombe. Tukalifunga kamba mbele, au nyuma, hakuna tofauti, tukashuka nalo kwenye mwani.

Kwa vile halina mkuku, linapita kwenye maji ya kisigino ambako ngalawa ya Maulid inalala ubavu. Hatungoji tena maji yajae. Tunapakia viroba vitano, Chiku anavuta, mimi nasukuma, na kule kugeukageuka kulikomzamisha Idarusi sasa kunatufaa: ukikata kona linakata nawe. Sketi anaivaa Chiku. Anasema maji ya chumvi hayamchomi tena. Usimwambie inauzwa peke yake, atakupiga.

Bamvua ya kwanza Maulid alitazama tu. Ya pili alikuja, tumeshateremsha.

"Mwanaima. Mchango wa diko."

"Wa nini?"

"Wa chombo."

"Chombo gani, mzee Maulid?"

Akanyoosha kidole.

"Hili beseni," nikasema.

"Beseni linavusha viroba?"

"Jina hilo ulilitoa wewe, mbele ya watu. Idarusi yupo, mume wa Semeni yupo, hata waliokuja kwa uji tu wapo."

Chiku akadakia: "Na mimi lile la kufulia nalo nilete nilipie? Nina na la kukandia unga."

Maulid haoni haya upesi, lakini safari hii aliona kidogo. Alijaribu kutukataza tusishushe kitu kisichosomewa fatiha. Idarusi akamjibu kwamba mabeseni yote ya Kigombe hayajasomewa, na kila siku yanashuka majini. Basi Maulid akalainika. Akasema tulilete tena, atalisomea yeye mwenyewe, na mahali pazuri pa kulala atalionyesha, karibu na ngalawa yake. Nikamwambia uji umekwisha.

Theluthi yake haipati tena. Si kwangu, si kwa Chiku, si kwa Semeni. Ngalawa imelala mchangani, kuku wanatagia ndani.

Bwana Timotheo alifika Alhamisi, gari jeupe, viatu vyeupe. Mtu wa adabu. Alinikuta ufukweni.

"Mama, nimetumwa na Tahiri. Nimekuja kuona kayaki."

"Ile pale."

Akatazama. Chiku alikuwa anakuja nalo, limejaa, na sketi yake kiunoni.

"Ile ni... nusu?"

"Nusu ya kazi. Nusu nyingine nimewawekea bata maji ya kunywa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kama bwana Tahiri anajua. Nikasema bwana Tahiri anajua mambo mengi, hili litakuwa mojawapo. Akacheka peke yake kwa muda, kisha akaniambia, kwa ukweli wake, kwamba kitu kile ni cha mito yenye mawe, baharini wageni wake wangezunguka na kupinduka wote. Wewe hukumwambia ni ya namna gani, na yeye hakujua kuuliza. Kwa hiyo hata kingekuwa kizima, asingekichukua baada ya kukiona. Alinunua ng'onda akaondoka.

Nimekuandikia hilo usije ukasema msumeno wangu ndio uliokula riziki yako.

Akitokea mwingine wa hoteli, mwambie Kigombe hakuna chombo cha namna hiyo, Maulid ni shahidi. Kuna beseni, nalo liko kazini.

Jarife nilisema sitaliuliza, na siliulizi.

Chiku ananisumbua nikuandikie kama yule bwana wa maji aliacha jingine, au kama wapo wengine wanaorudi kwao na vitu kama hivyo uani. Semeni naye analitaka, hata bila sketi. Mimi sikuulizi. Nakupa habari tu.

Shangazi yako,
Mwanaima